Eskaveta inakunywa lita 140 kwa siku na barabara haiendi, wazoefu wa mitambo njooni mnisaidie

KijanaWaSaiti

Habari zenu wakuu. Nipo Singida huku ndani kwenye mradi wa barabara ya changarawe km 12, kampuni ndogo ya wazawa, huu mwezi wa pili tangu nikabidhiwe mitambo yote baada ya aliyekuwepo kuondoka, na mimi nimesomea ujenzi sio mitambo kwahiyo najifunza humo humo. Tuna eskaveta moja Komatsu PC200 ya kuchimba na kupakia, greda, rola la tani 12, boza la maji na tipa 4 za kukodi za kyubiki (mita za ujazo) 15. Machimbo yapo kama km 9 kutoka tunapomwaga.

Shida ni hii, eskaveta naipa lita 140 kila siku, mita inasoma masaa 9, opereta anasema ndo kawaida yake lita 15 na kitu kwa saa. Lakini tripu kwenye daftari hazizidi 30 na tunalaza mita 300 hivi kwa siku, bosi akipiga simu jioni anaambiwa mafuta yameisha ila kazi haionekani. Sasa ananiambia nimfukuze opereta na mimi ushahidi sina, naogopa kumwonea mtu ana watoto. Na mvua za huku zikianza Novemba Desemba zikatukuta na tuta liko wazi bila changarawe tumeumia. Nianzie wapi wakuu?

MzeeGreda

Dogo hongera kwa kuuliza kabla ya kufukuza mtu, wengi wanafukuza kwanza halafu opereta mpya naye anakunywa lita 140 zile zile.

Hiyo mita ya masaa isikudanganye. Mita inahesabu injini ikiwa inanguruma, haijui kama baketi linachota au limelala chini opereta anaongea na simu. Chukua daftari la tripu, hilo ndo linasema ukweli. PC200 kujaza tipa la kyubiki 15 ni baketi 16 mpaka 18, dakika 6 kama opereta yuko vizuri. Tripu 30 mara dakika 6 ni masaa 3. Weka lisaa limoja na nusu la kukusanya udongo na kusafisha machimbo, jumla masaa manne na nusu ya kazi, hayo masaa manne na nusu mengine inanguruma tu inasubiri tipa zirudi. Ikifanya kazi piga lita 15 kwa saa, ikisubiri piga lita 3. Utapata lita 81. Wewe unatoa 140. Kuna lita karibu 60 kila siku hazina maelezo, lakini bado hujui zimeenda wapi usije ukamkamata mtu kwa hesabu ya karatasi.

Na hata hizo mita 300 angalia wapi zinapotea. Barabara upana mita 6, leya ya sentimita 15 ikishashindiliwa, maana yake mwaga kama sentimita 20 ya udongo mlegevu, kila mita moja inakula kyubiki 1.2. Tripu moja inafunika mita 12 na nusu. Tripu 30 ni mita 375 ukiwa na bahati, kwahiyo greda na rola hata uwabane vipi hawawezi kuzidi hapo, tatizo lako ni tipa. Tipa 4 kwa km 9 za barabara mbovu ni chache, eskaveta yako inaweza kulisha 8 bila kutoka jasho. Ongeza tipa 3 kwa wiki 3 uone, gharama ya kukodi utairudisha kwenye mafuta na siku za greda. Halafu pima kwa kamba uweke alama kila mita 12 kila tipa limwage pale pale, wakimwaga wanavyojisikia greda litashinda linasukuma changarawe huku na huku.

OperetaWaNjia

Naomba niseme kwa niaba ya maopereta maana huku kila mafuta yakipungua ni sisi tu.

Msimamizi umeshajiuliza mafuta yanatoka wapi mpaka yanafika kwenye tenki? Kama yanakaa kwenye mapipa na mtu anachota kwa dumu, hilo dumu la lita 20 linajazwa mpaka wapi? Mimi nimefanya saiti moja tunaandikiwa lita 120 zinaingia 95, na sahihi naweka mimi. Fanya hivi, asubuhi jaza tenki mpaka mdomoni wewe mwenyewe ukiwepo, paki pale pale palipo sawa, kaa machimboni siku nzima, jioni irudi sehemu ile ile ijazwe tena mpaka mdomoni kwa kipimo unachokiamini. Ulichoongeza ndo imekunywa. Angalia na mode, kama inashinda kwenye P (ya nguvu) wakati kupakia changarawe laini E (ya kubana mafuta) inatosha, hapo kuna mafuta mnachoma bure.

La pili, muulize opereta wako amelipwa lini mara ya mwisho. Siteti wizi. Ila mtu aliyekaa miezi bila mshahara nyumbani wanampigia kila siku halafu anaachiwa mashine yenye tenki la lita 400 usiku porini, hapo aliyekosea sio mmoja.

Na kitu kingine hujauliza ila nakuambia. Wasaidizi huwa wanalala kwenye kivuli cha greda na rola mchana wakati wa chakula. Weka sheria opereta azunguke mashine kwa miguu kabla ya kupanda, apige honi mara mbili, asubiri. Mimi nimeshamtoa kijana chini ya tandemu, yale magurudumu ya nyuma ya greda, usingizi umemshika kabisa. Sijawahi kusahau.

FundiPini

Wote mmeongea vizuri ila kuna lita nyingine zinaliwa na mashine mbovu. Huku Singida vumbi ni jingi, filta ya hewa ikijaa injini inakosa pumzi inatoa moshi mweusi na inakunywa kuliko kawaida. Vijana wakiambiwa safisha wanaitoa wanaigonga kwenye tairi, ile karatasi inapasuka vumbi linaingia mpaka kwenye silinda. Pulizia hewa kutoka ndani kwenda nje taratibu, ikichoka nunua mpya usihurumie.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha fungua koki ya chini kwenye filta ya dizeli chotea kwenye chupa ya plastiki ya uwazi. Iache dakika mbili. Maji yatakaa chini dizeli juu, utaona mstari kabisa. Mafuta ya kwenye mapipa yana maji sana na ndo yanaua nozo na pampu. Grisi kwenye pini za baketi na mkono kila siku, mpaka uone ya zamani nyeusi inatoka pembeni. Ukiona bushi zinalia kama mlango, ujue umechelewa. Servisi ya oili masaa 250 usivushe kwa kusema tumalizie kwanza kilomita hii.

MamaTipa

Mimi nakodisha tipa na greda. Mwanangu ukiongeza tipa andika vizuri mafuta ni ya nani, masaa ya chini kwa siku ni mangapi, mvua ikinyesha nalipwaje na gari likifa njiani linahesabiwaje. Daftari lisainiwe kila jioni na pande mbili, sio mwisho wa mwezi. Ugomvi wote niliowahi kuwa nao na makandarasi ni wa masaa ambayo hayakusainiwa siku yake.

KijanaWaSaiti

Wakuu nimerudi, nimepima siku 2. Siku ya kwanza tripu 29 imekunywa lita 86, siku ya pili tripu 31 lita 88. Nimekaa machimboni toka saa 12 asubuhi mpaka giza. Filta ya hewa ilikuwa imejaa kweli tumebadilisha, na kwenye chupa maji yalikuwa vidole viwili.

Nikakaa na opereta peke yetu nikamwonyesha daftari, hakubisha. Akasema dumu linatoka stoo halijajaa na yeye anasaini ili kazi iende, na kuna siku ameuza lita 20 kweli, mshahara wake ni mwezi wa tatu huu hajapata. Nilikuwa sijui, mishahara inashughulikiwa ofisini mjini.

Nimempigia bosi nikamwambia simfukuzi, nataka alipwe wiki hii, mafuta ya mapipa yaishe tununue pampu ya mkono yenye mita, na tipa 3 ziongezwe. Tipa na pampu amekubali. Mshahara kasema atalipa Ijumaa, nitamkumbusha Alhamisi. Mama nimekutumia ujumbe inbox kuhusu tipa. Greda nalipima keshokutwa boza likirudi kutoka gereji.