Wenzako wakizozana kazini unasimama upande gani? (niko Ujerumani)

Muuliza swali: Wakuu habari za humu. Nipo nyumba ya wazee huku Ujerumani, Waafrika tuko wawili tu, mimi Mbongo na dada mmoja Mkenya. Juzi tunakabidhi shifti ya usiku, Mjerumani mmoja kamvaa dada mbele ya wote, eti hajaandika kama bibi wa chumba cha mwisho kageuzwa kitandani, dada naye akapanda. Na kweli bibi aligeuzwa, nilimsaidia mwenyewe, ila kuandika hakuandika. Mimi nikakaa kimya nikijua ntaongea naye pembeni yakipoa. Sasa dada kanichunia, salamu haitikii, ila na yule aliyemvaa wanapiga stori freshi tu! Hii imekaaje?

Jibu: Umemuacha dada wa watu peke yake halafu unauliza imekaaje 😂

Jibu: Mimi ni Mkenya, wacha nikwambie. Hakutaka useme hana makosa, alitaka tu ufungue mdomo, "bibi tulimgeuza na yeye, aandike sasa tumalize." Basi. Nyinyi wa TZ mnapenda mambo ya pembeni, lakini ukinyamaza mbele ya watu sisi tunajua uko na wale wengine. Huyo Mjerumani angalau alimwambia kwa uso.

Jibu: Mdau wa hapa juu kagusa penyewe. Nimekaa na Wajerumani, mtu anakuchana mbele za watu halafu saa nne anakuuliza unywe kahawa gani, kwake kesi ya karatasi imeisha, wewe ndo bado una kinyongo. Ila ukimtetea mtu kisa mnatoka bara moja hawakuamini tena, sema ulichokiona tu. Na bosi akimuita dada kuhusu utendaji wake, anaruhusiwa kisheria kwenda na mjumbe wa baraza la wafanyakazi, wanaliita Betriebsrat. Sehemu ya kazi yenye wafanyakazi wa kudumu kuanzia 5 wanaweza kulichagua, wabongo wengi huku hawalijui kabisa.

Jibu: Mnateseka bure, hamna watani huko. Ofisini kwetu Wangoni wawili wakinuniana tunamtuma Mhehe, anawatukana wote wawili mpaka wanacheka. Na hayo makabila yalipigana vita kweli karne ya 19!

Muuliza swali: Nimewapata. Kesho tuko naye usiku tena, ntamwambia wazi wakati wa kukabidhi nasema nilichoona, wote wasikie. Mtani simpati huku, labda nimtafute Mhehe wa Hamburg 😅