Dodoma mjini: mteja kaja kununua elbo mbili za bomba, kaondoka na deni la maegesho. Mnataka tuhamie wote mtaa wa Ilazo?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, naandika nikiwa nimekaa kaunta na wateja hakuna, kwa hiyo muda ninao.

Nina duka la vifaa vya bomba na umeme hapa Dodoma mjini, kwenye zile barabara zetu za namba. Sisemi ya ngapi. Sitaji ofisi wala mzabuni wa ushuru wa maegesho pia. Wanajijua, na mimi mwakani bado nahitaji leseni.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi. Fundi mmoja, mteja wangu wa miaka, anasimamisha kirikuu (pikapu yake ndogo) mbele ya duka, injini hata hajazima. "Mangi, nipe elbo mbili za nusu na tepu moja, fasta, nimeacha maji yanamwagika kwa watu." (Mimi ni Mrangi wa Kondoa, lakini Tanzania hii ukishakuwa na duka wewe ni mangi tu, nimeshazoea.) Hesabu ikaja 3,500. Akanipa noti ya 5,000, nikaanza kutafuta chenji. Hiyo chenji ndiyo iliyotuponza. Kugeuka, kijana wa reflekta, wale wanaokusanya ushuru wa maegesho, kashainama mbele ya gari, simu mkononi, anapiga picha namba.

Fundi akachomoka: "Dogo, dogo, mimi nimesimama tu, sijaegesha!"

Dogo wala hakubisha. Alijibu kwa upole kabisa: "Kaka, nimeshaingiza. Mfumo haufuti."

Mfumo haufuti. Kwenye mtaa wetu hayo maneno nayasikia kuliko shikamoo.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Fundi hakumfokea dogo. Alinigeukia mimi, kama vile mimi ndiye niliyemwita yule kijana. Akasema, "Mangi, Ilazo bei ni hii hii, na naegesha mpaka mlangoni." Akaondoka. Jumamosi nikampigia kuhusu oda ya mabomba ya nyumba anayoijenga Kisasa, oda aliyoniahidi tangu mwezi uliopita. Tangi, mabomba ya PPR ya nyumba nzima, masinki, kila kitu. Akaniambia ameshachukua. Wapi? Mnajua wapi.

Watu wa ofisini hawaelewi hili. Wanasema "hela ya maegesho ni ndogo, haifiki hata bei ya soda mbili, mnalia nini?" Jamani, biashara ya rejareja haiendi hivyo. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akaja kwako kununua vifaa vya nyumba nzima. Anakuja kwa tepu ya mia tano. Kesho anakuja kwa elbo. Wiki ijayo kwa koki. Anakuzoea, anakukopa, unamkopesha, siku akipata kazi kubwa jina lako ndilo la kwanza kichwani. Ukimtoza mtu kwa kusimama dakika tatu kununua tepu ya mia tano, hujakusanya mapato yoyote ya maana. Umekata mzizi wa oda ya milioni mbili.

Niliona nisiwe mtu wa kulalamika kwa hisia, nikachukua daftari. Jumanne, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, nilikaa mlangoni nahesabu. Magari 31 yalipunguza mwendo au kusimama mbele ya duka langu na la jirani. 12 kati ya hayo yaliondoka bila mtu kushuka, dereva akishaona reflekta tu. Mmoja alishusha kioo, akaniuliza kwa sauti kama nina swichi za njia mbili, nikamwambia ninazo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema "nitarudi". Hajarudi.

Na hizo nafasi zenyewe! Mbele yetu zipo sita. Nne zinakaliwa tangu saa moja na nusu asubuhi na magari ya wafanyakazi wa ofisi za jirani, mpaka saa tisa na nusu yanaondoka. Moja namba yake inaanza na ST, yaani la serikali, hilo sijawahi kuliona likipigwa picha hata siku moja. Kwa hiyo anayekaa siku nzima anakaa kwa raha zake, na anayesimama kununua kitu ndiye anayewindwa. Mimi sipingi maegesho kulipiwa, na hapa najua kuna watakaonishukia. Mjini nafasi ni chache, ukiziacha bure kabisa watu wa ofisini watazijaza zote saa moja asubuhi na mteja wangu hatapata hata moja. Ushuru wa maegesho duniani kote kazi yake ni hiyo: gari lisilale mahali pamoja, nafasi izunguke, mwenye haja ya robo saa apate. Kwetu imegeuzwa kichwa chini. Anayezunguka ndiye anayekamuliwa.

Na mji wenyewe haukujengwa kwa ajili ya magari haya yote. Ule mpango wa makao makuu wa 1976 uliwaza watu wanaotembea kwa miguu na mabasi, wala haukuwaza foleni ya Land Cruiser. Barabara hizi za kati zilikuwepo hata kabla ya hapo. Tangu 2016 serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli, na 2018 tukawa jiji, magari yameongezeka mpaka unashangaa yanalala wapi. Sawa, jiji lina gharama. Ila kuwa jiji si kuwa na vijana wa reflekta tu. Mistari ya kuegesha mbele yangu ilifutika, hata mgeni hajui kama hapo ni maegesho ya kulipia au ni pembeni ya barabara tu. Kibao hakuna. Mtu anajua ameegesha sehemu ya kulipia siku akiona deni.

Hapo kwenye deni ndipo niliposhikwa mimi mwenyewe.

Mwezi wa pili nilitaka kuuza kirikuu changu. Mnunuzi kaja, mzee wa watu kutoka Mpunguzi, tumekubaliana bei, tumekunywa chai. Akampa kijana wake simu aangalie namba ya gari kama lina madeni. Kijana akanyamaza kidogo, akamwonyesha mzee. Mzee akanionyesha mimi. Orodha ndefu kama ya wageni wa harusi. Siku baada ya siku, gari langu, mbele ya duka langu, likishusha mzigo wangu ambao nimeulipia ushuru. Na faini juu, kwa kuwa sikulipa kwa wakati deni ambalo sikuwahi kuambiwa lipo. Hakuna karatasi kwenye waipa, hakuna ujumbe wa simu, hakuna chochote.

Kupitia tarehe moja moja, nakuta siku ambayo gari lilikuwa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Nakumbuka kwa sababu nilikwenda sokoni kuchukua mahindi ya nyumbani, na risiti ya ushuru wa mazao ninayo, imeandikwa namba ya gari hilo hilo. Gari liko Kongwa linapakia magunia, wakati huo huo limeegeshwa Dodoma mjini linadaiwa. Pacha wake sijui nani alimzaa.

Nikaenda kulalamika. Dirisha la kwanza: "sisi tunakusanya tu, kosa la mfumo nenda kule". Kule: "barabara ni yetu lakini ushuru si wetu". Nikarudi. Dada wa dirishani akanishauri, kwa nia njema kabisa nadhani, "Lipa kwanza halafu uandike barua." Mzee wa Mpunguzi alikuwa ameshanunua gari la mtu mwingine. Nililipa. Barua niliandika. Zakayo aliyekuwa mkubwa wa watoza ushuru angalau alishuka mtini akaahidi kurudisha mara nne, mimi naomba warudishe mara moja tu.

Siko peke yangu. Jirani yangu ni mama anayeuza chakula, wali, makande, na siku ya Ijumaa ugali wa mtama na mlenda ambao watu walikuwa wanaufuata kutoka Area D. Wateja wake wazuri walikuwa watu wa wizarani. Mtumba (mji wa serikali) ilipoanza kujaa wakapungua, hilo halina wa kulaumiwa. Waliobaki walikuwa wanakuja na magari mchana, watu wanne gari moja. Sasa mtu anakula kwa wasiwasi, kila akisikia hatua anachungulia dirishani. Mama amepunguza sufuria ya wali kutoka kilo kumi na mbili hadi saba. Binti aliyekuwa anamsaidia kuosha vyombo amerudi kwao Bahi.

Na msisahau, mteja akikimbia, sisi hatukimbii pango. Kodi ya fremu iko pale pale, mimi nalipa miezi sita sita. Leseni ipo, ushuru wa huduma upo (nao unakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida), taka, zimamoto. Wenye mji wakifukuza wateja wangu, na huo ushuru wa huduma unashuka pia. Wanaokota shilingi mlangoni huku wanaziba bomba la nyuma.

Nachotaka si miujiza. Nusu saa ya kwanza iwe bure, inatosha fundi kununua tepu na mama kuchukua dawa ya mtoto. Kushusha mzigo kabla ya saa tatu asubuhi pasiwe na mtu wa kupiga picha. Gari linaloshinda siku nzima ndilo lilipe sawasawa, likiwemo la ST. Deni likiingizwa, karatasi ibaki kwenye kioo saa hiyo hiyo, na anayeingiza awe na uwezo wa kufuta akikosea. Na hivi viwango vya ushuru, sheria ndogo ikitungwa wananchi wanatakiwa watangaziwe na watoe pingamizi zao kabla haijapita. Mtaa wetu hakuna aliyeona tangazo. Mwenyekiti wa mtaa nimemuuliza, ananiuliza na mimi.

NYONGEZA saa 2 usiku: Kuna mkuu hapo chini anasema "acheni magari, tembeeni, mtapunguza na vitambi." Mkuu, nitumie namba yako. Kesho nina mteja wa tangi la lita 1,000 la kupeleka Nkuhungu, tubebe wote.

NYONGEZA 2: Anayesema vijana wa reflekta ndio wabaya, mimi sikubaliani. Yule dogo wa mtaa wetu nilikaa naye jana, nikamnunulia maji. Anashinda juani tangu asubuhi, ana idadi anayotakiwa kuifikisha kwa siku. Akaniambia, "Kaka, nikimwachia fundi wako, pengo najaza na nini?" Ukishampa mtu idadi ya kufikisha, anapiga picha chochote chenye matairi.

Kwa walioomba ushahidi: mwenye orodha ya madeni yenye siku ambayo gari lake halikuwa mjini aiweke hapa, afiche namba ya gari na jina. Ya kwangu ya Kibaigwa naiweka sasa hivi, na risiti ya mahindi pembeni yake.