Mjadala: Je, barabara inayokatiza msitu wa Jozani ipanuliwe kwa ajili ya waendesha baiskeli?

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Naomba tujadili suala la baiskeli katika barabara itokayo Mjini kwenda Paje, Jambiani na Makunduchi, hapa Unguja, hasa kile kipande kinachopita katika msitu wa Jozani. Njia hii inapendwa na waendesha baiskeli wa michezo, wenyeji kwa wageni, kwa sababu ina lami, haina milima ya kutisha, na mwisho wake ni bahari. Wapo wanaotaka barabara ipanuliwe ili baiskeli zitengewe njia yake kila upande. Wapo pia wanaotaka baiskeli za mbio zizuiwe kabisa kupita msituni, kwa hoja kwamba zinasumbua wanyama. Mimi napinga yote mawili, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tukumbushane tunazungumzia mahali gani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee Zanzibar. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 50, zikiwemo sehemu za msitu wenye maji, mikoko, na vichaka vya maweni. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya hifadhi hai za dunia. Humo wanaishi kima punju, ambao asili yao ni Unguja na kisiwa cha jirani cha Uzi, na si kwengineko duniani. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilionesha kuwa wapo zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa, lakini bado ni idadi inayoweza kuingia katika uwanja mdogo wa mpira, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja. Kima mmoja anayekanyagwa na gari hafidiwi haraka.

Anayepita pale asubuhi, jua linapoanza kupenya, ataona jambo ambalo ndilo kiini cha hoja yangu. Pale matawi ya upande huu yanapokaribiana na ya upande wa pili, kima hawashuki: anayetangulia anajipima, anaruka, tawi linainama hadi unadhani litakatika, na wengine wanafuata njia ileile juu ya vichwa vya wapita njia. Pale matawi yanapokosekana, kundi zima linateremka. Dume hukaa kwanza ukingoni mwa lami, kisha mama mwenye mtoto kifuani huvuka mbio, kisha wengine mmoja mmoja, na mara nyingi yupo mdogo aliyebaki nyuma ambaye huvuka kwa pupa wakati dereva keshadhani kundi limekwisha. Wanayo sababu ya kuvuka. Upande wa mashamba kuna miembe na mikungu ambayo majani yake wanayapenda, na baadhi yao hushuka hata kuokota mkaa na kuutafuna, jambo ambalo watafiti wanalieleza kuwa huwasaidia kupunguza sumu iliyomo katika majani hayo.

Sasa tupanue barabara. Njia ya baiskeli inayofaa inahitaji mita moja na nusu kila upande, ukiacha mtaro na nafasi ya kufyeka. Miti ya ukingoni, ambayo ndiyo yenye matawi yanayokutana, itakuwa ya mwanzo kukatwa. Kima waliokuwa wakivuka juu watavuka chini, tena kwa masafa marefu zaidi. Dereva naye, akishaona barabara pana na iliyonyooka, huongeza mwendo bila hata kujitambua, na anayedhani kwamba kibao cha mwendo kitamzuia ajiulize mara ya mwisho ameona kibao kikitiiwa lini. Kwa hiyo tutakuwa tumeongeza hatari mara mbili kwa jina la usalama wa baiskeli. Kutoka Tunguu hadi msitu unapoanzia, sina pingamizi; barabara na itanuliwe na baiskeli zipate nafasi, kwa sababu huko wanafunzi na wafanyakazi wanazihitaji kuliko hata wanamichezo. Pingamizi langu linahusu msitu.

Kinachoua ni mwendo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, yaani kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki. Likienda kilomita 30, masafa hayo ni mita 8, na nguvu ya mgongano ni robo ya ile ya kwanza. Hilo tumeshaliona kwa macho yetu papa hapa Jozani. Kabla ya matuta kuwekwa, kima alikuwa akiuawa barabarani kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya kuwekwa, watafiti walikuta vifo vilivyojulikana vimeshuka hadi kimoja katika kama wiki sita. Hiyo ni nafuu kubwa, ingawa kifo kimoja kila wiki sita si idadi ya kujivunia. Mwendeshaji baiskeli naye anaokolewa na dawa hiyohiyo. Gari likipita polepole msituni, mwendeshaji baiskeli hahitaji njia yake peke yake, kwa kuwa tofauti ya mwendo kati yake na gari ni ndogo. Na hasara kwa dereva ni ipi? Kwa kilomita tatu, kutoka mwendo wa 60 hadi 30, ni dakika tatu.

Kuhusu wale wanaotaka baiskeli zizuiwe, naona wamesahau ni nani anayepanda baiskeli katika nchi hii. Mbali na mgeni aliyevaa kofia ngumu na nguo za kubana, yuko mvuvi aliyefunga dema kwenye kiti cha nyuma, yuko mama aliyepakia gunia la mwani, yuko kijana anayetoka kijiji cha Pete kwenda kile cha Kitogani kununua unga. Katazo likishaandikwa halitabagua. Litaanza kwa wanamichezo na litaishia kwa mwenye gunia. Isitoshe, baiskeli na wanyama si maadui wa asili. Katika hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, wageni huendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, na hifadhi ingalipo.

Hata hivyo, hoja yao moja ina uzito na haifai kupuuzwa. Baiskeli haina sauti. Kima wa Jozani wamezoea mngurumo wa injini na husikia gari likiwa mbali, lakini kundi la baiskeli 20 linaloteremka kwa kasi, limebanana na kila mmoja ameinamisha kichwa, linaweza kuwafikia bila wao kujua, na mnyama aliyeshtuka huruka popote, hata mbele ya gurudumu. Atakayeumia hapo ni kima na mwendeshaji pia. Na saa wanayoipenda wanamichezo, baada ya alfajiri kabla ya joto, ndiyo saa kima wanapoanza kutoka walikolala. Kwa hiyo ningependa vilabu vyenyewe vikubaliane kwamba msituni hakuna kushindana: mstari mmoja, mwendo wa wastani, kengele itumike, na anayetaka kupimana nguvu na upepo wa kusi asubiri baada ya Kitogani. Waandaaji wa mashindano nao wasiweke msituni kipande cha kuhesabiwa muda. Na yeyote asimame kupiga picha akipenda, lakini asimpe kima hata ganda la ndizi, kwa sababu kima aliyezoea kulishwa barabarani huishi barabarani.

Matuta yenyewe nayo yana kasoro ambazo lazima tuzikubali. Mengi ya matuta yetu ni mafupi na yamesimama mno. Yanamtikisa mgonjwa anayekimbizwa hospitali Mnazi Mmoja kutoka vijiji vya kusini, yanamwangusha mwenye baiskeli iliyoelemewa mzigo, na rangi ikishafutika hayaonekani usiku wala wakati wa masika. Wapo wanaopendekeza yaachwe wazi pembeni ili baiskeli zipite, lakini mwanya huo utageuka njia ya bodaboda, nazo hazina haja ya kusaidiwa kukimbia. Mimi napendekeza matuta mapana yenye mgongo bapa, yanayopandwa taratibu na kushukwa taratibu, yapakwe rangi kila mwaka, na yaongezwe hadi mwendo ubaki mdogo katika msitu wote, badala ya dereva kufunga breki kwenye tuta na kulipiza anapolivuka.

Limetajwa pia suala la kuwatoza ada waendesha baiskeli wanaopita. Silikubali. Anayeingia hifadhini kutembezwa alipe, na sehemu ya fedha iendelee kufika vijijini na kwa wakulima ambao kima wanakula mazao yao. Anayepita barabarani anatumia barabara ya umma kama abiria wa daladala.

Ambalo ningependa lijibiwe kwanza katika mjadala huu ni mahali pa kuyaweka matuta mapya. Wahandisi watapima masafa sawasawa kati ya tuta na tuta, lakini kima hawavuki kwa kipimo. Wana sehemu zao, na sehemu hizo hubadilika miembe inapochipua. Wanaozijua ni wakaazi wa Pete, walinzi wa hifadhi, na madereva wanaopita pale kila siku. Tafadhali anzeni kuzitaja: ni wapi kundi hushuka, saa ngapi, na ni wapi bado matawi yanakutana na hayapaswi kuguswa.