Mjadala: Je, ni kweli mfupa wa taya huikataa titani na kuipokea kauri?

Mleta mada, Tabata

Wadau, shikamooni wakubwa, na salamu kwenu nyote. Mama yangu mdogo aling'olewa gego la chini mwaka jana na sasa anataka jino la kupandikiza. Kliniki moja hapa Dar es Salaam imemshauri achukue kipandikizi cha zirikonia, yaani kauri nyeupe, kwa maelezo kwamba mfupa huikataa metali, na bei ya kauri hiyo imeipita ile ya titani, metali ya kijivu, kiasi cha kutulazimisha kukaa kikao cha familia.

Msimamo wangu ni kwamba hoja hiyo haina mashiko. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alipachika kifaa cha titani katika mfupa wa sungura ili achunguze mzunguko wa damu, na alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekikumbatia. Mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965, na vipandikizi hivyo vilidumu kinywani mwake kwa zaidi ya miaka 40. Huko ndiko kukataliwa?

Mchangiaji, Upanga

Nafanya kazi ya kumsaidia daktari wa meno, na ningependa kuongeza jambo ambalo watu wa matangazo hulikwepa. Mfupa haugusani na titani tupu, kwa kuwa metali hiyo ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, mwembamba mno, wa nanomita chache tu. Zirikonia nayo ni oksidi. Kwa hiyo pande zote mbili mfupa unakutana na oksidi, na linaloamua zaidi ni uso wa skrubu ya kipandikizi: ukiwa umekwaruzwa kwa mchanga na kuchomwa kwa asidi hadi mikwaruzo ifikie takriban mikromita 1 hadi 2, seli za mfupa hupata pa kushikilia.

Lingine ni mkono wa daktari. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu, uwezo wake wa kujijenga upya hudhoofika, na ndiyo maana mimi husimama pembeni ya kiti nikimwagia maji ya chumvi yaliyopoa huku keekee ikizunguka, inachimba kidogo, inainuliwa, inarudi tena. Kipandikizi kikitikisika katika wiki za mwanzo, kitazungukwa na nyama badala ya mfupa, kiwe cheupe au cha kijivu.

Mchangiaji, Kigamboni

Mnaionea kauri. Katika majaribio ya wanyama, zirikonia yenye uso uliokwaruzwa imeshikana na mfupa kwa kiwango kinachokaribiana na cha titani. Isitoshe, mtu mwenye fizi nyembamba akiwekewa titani jino la mbele, kivuli cha kijivu huonekana kila anapocheka. Zile kauri zilizokuwa zikivunjika ovyo zamani zilikuwa za alumina; msiibebeshe zirikonia dhambi za dada yake.

Mleta mada, Tabata

Kwa jino la mbele nakubali, tena bila kinyongo. Lakini mama mdogo anazungumzia gego, mahali ambapo nguvu ya kutafuna ni kubwa, na zirikonia, pamoja na ugumu wake, haipindi hata kidogo, ikizidiwa hukatika. Vipandikizi vingi vya kauri pia ni kipande kimoja, hivyo kichwa chake hubaki wazi juu ya fizi tangu siku ya kwanza, na ulimi na chakula hukisukuma wakati mfupa bado haujakishika. Titani inaweza kufunikwa chini ya fizi miezi kadhaa, ikaachwa itulie.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kliniki ile ilieleza rangi, bei na malipo ya awamu, lakini haikumuuliza kama ana kisukari. Anacho, na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona kwa mfupa kwenye kipandikizi cha aina yoyote. Jumamosi tunampeleka kwanza apimwe wastani wa sukari wa miezi 3 iliyopita. Kikao cha kauri na titani tumekiahirisha hadi majibu yatoke.