Picha inapepesa, sauti ya simu inahama, flashi inakataa faili: kosa liko wapi?

FundiPicha: Wakuu, habari za leo. Kazi ni sherehe ya harusi ukumbini Dar, kamera mbili za 1080p na simu moja iliyowekwa karibu na MC. Kamera ziko kwenye fremu 30 kwa sekunde, shata 1/60 (yaani kila fremu inapokea mwanga kwa sekunde 1/60). Picha inapepesa chini ya taa za ukumbi. Sauti ya simu inaanza sawa, ikifika katikati imeshaachana na midomo. Na faili la mwisho, GB 9, linagoma kuingia kwenye flashi ya mteja ya GB 32 ambayo ni tupu. Ni vifaa au ni mipangilio?

Shata50: Mipangilio, mkuu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hung'aa na kufifia mara 100 kila sekunde. Shata ya 1/60 inakamata mpigo mmoja na theluthi mbili ya unaofuata, na kila fremu inaangukia sehemu tofauti ya mpigo. Ndiyo maana fremu moja inatoka angavu, nyingine imefifia. Shata ya 1/50 inakamata mipigo miwili kamili, ya 1/100 inakamata mmoja kamili. Hizo mbili ndizo za kushika.

Nenda kwenye menyu, badili mfumo wa video kutoka NTSC (wa fremu 30) kwenda PAL (wa fremu 25), weka fremu 25 na shata 1/50. Kamera nyingine huomba kadi ifomatiwe ukibadili mfumo, basi hamisha kazi za zamani kwanza.

Bibi_Lenzi: Naongezea, maana 1/50 haitibu kila taa. Skrini ya LED nyuma ya maharusi na taa za rangi za DJ zina kasi yake, hazifuati hezi 50. Hapo sogeza shata kidogo kidogo, kama kamera yako inaruhusu hatua ndogo, hadi mistari isimame au ipotee kwenye kioo. Taa za LED zilizopunguzwa mwanga hupepesa zaidi, kwa sababu nyingi hupunguzwa kwa kuzimwa na kuwashwa haraka haraka. Mwombe fundi taa aziache kwenye mwanga kamili, kisha wewe punguza ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) au bana tundu la lenzi. Na ukumbi ukiwa kwenye jenereta isiyotulia, hezi hupanda na kushuka. Utaona mistari ikitambaa polepole hata kwa 1/50.

FundiPicha: Asanteni sana. Hii ambayo tayari imerekodiwa kwa 30 niiharirije? Projekti iwe ya 25?

Shata50: Hapana, hiyo iache 30. Kuishusha kwenda 25 ni kutupa fremu moja katika kila sita, na kamera ikizunguka ukumbi utaona picha inaruka. Kama unahariri kwa programu ya DaVinci Resolve, weka kasi ya fremu kabla ya kuingiza kitu chochote, ukishaingiza, inajifunga.

Kupepesa kwa 30 chini ya hezi 50 hujirudia kila fremu tatu. Kwa hiyo panga nakala tatu za klipu moja juu kwa juu, kila moja ichelewe fremu moja kuliko ya chini yake. Ya chini ionekane (opacity) asilimia 100, ya kati 50, ya juu 33. Mwanga unasawazika. Ubaya wake ni kivuli nyuma ya kinachotembea: inafaa kwa hotuba na meza kuu, kwenye kucheza muziki usithubutu.

SautiKwanza: Upande wa sauti. Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na kasi moja. Mwanga ukipungua, zinapungua. Programu ya kuhariri inadhani ni 30 kamili, basi picha na sauti zinaachana. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, kabla ya kuhariri, chagua fremu 30 na kasi isiyobadilika. Ikibaki tofauti ndogo inayokua taratibu na kwa usawa, hiyo ni saa za vifaa viwili kutolingana: kata sauti kwenye kimya, kila baada ya dakika 20 hivi, uilinganishe upya. Siku nyingine piga makofi mara moja mbele ya kamera zote mwanzoni na mwishoni, mlio huo ndio utakaolinganishia.

Bibi_Lenzi: Flashi nayo si mbovu. Imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata nafasi ikiwa tele. Kuifomati kwa exFAT, mpangilio mwingine usio na kikomo hicho, kunatatua kwenye kompyuta, lakini TV nyingi za zamani haziisomi, na mteja ataangalia kwenye TV. Ni afadhali kugawa. Toa video kwa H.264 (namna ya kubana video) ya biti 8, megabiti 8 kwa sekunde, sauti kwa AAC (namna ya kubana sauti) ya kilohezi 48. Saa nzima inakuwa kama GB 3.7, basi kata sehemu za dakika 55: kanisani, kuingia ukumbini, zawadi. Ukibana kwa H.265 faili linakuwa dogo zaidi, ila TV za zamani huleta sauti bila picha.

Ya WhatsApp itume kama dokumenti. Ukiituma kama video, inabanwa upya na nyuso za watu zinakuwa matope.