Futiboli ya flagi ya watu watano: kitambaa kikishang'olewa, kinafuata nini?

Mwalimu wa Tororo

Hamjambo wanajukwaa. Ninafundisha Kiswahili na michezo katika shule ya sekondari hapa Tororo, na kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi raga ya vitambaa, ile isiyoruhusu kukabana. Tangu Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoamua, Oktoba 2023, kwamba futiboli ya flagi, yaani futiboli ya Kimarekani isiyo na kuangushana, ambamo mwenye mpira husimamishwa kwa kung'olewa kitambaa cha kiunoni, itachezwa katika Michezo ya Los Angeles ya 2028, vijana hawa hawakuacha kuniomba tuijaribu.

Wiki iliyopita tuliijaribu, na mchezo ukatuvurugikia. Kila kitambaa kilipong'olewa, mwenye mpira aliutupa nyuma kwa mwenzake kama alivyozoea katika raga, timu yake ikaendelea kukimbia, huku wapinzani wakiwa wamesimama wakidai kwamba mchezo umekufa. Nilipuliza kipenga nisijue niamue nini. Isitoshe, binti mmoja aliteguka kidole kiliponaswa katika mfuko wa kaptula ya mwenzake. Naomba mwenye ujuzi anieleze mchezo huu unavyokwenda, hasa pale kitambaa kinapotoka kiunoni.

Refa wa Jinja

Mwalimu, pole sana kwa binti huyo. Nianze na yeye, kwa sababu jambo lililompata lina kanuni yake: kaptula ya flagi haitakiwi kuwa na mifuko, na fulana lazima ichomekwe ndani. Mkono wa mkabaji hushuka nyongani kwa kasi, na chochote kinachoning'inia au kilicho wazi hapo huwa mtego wa vidole. Kama kaptula za shule zina mifuko, waambie wazishone midomo kwa uzi kabla ya mazoezi.

Sasa nije kwenye swali lako. Katika raga ya vitambaa, aliyeng'olewa kitambaa huupitisha mpira nyuma upesi na mchezo huendelea, lakini katika flagi kitambaa kikitoka, mpira umekufa papo hapo, na timu zote mbili hujipanga upya pale mwenye mpira alipofikia. Kipande hicho kimoja cha mchezo, tangu mpira kutolewa hadi kufa, ndicho jaribio. Timu yenye mpira huanzia kwenye yadi 5 ya upande wake, yaani yadi 5 kutoka mstari wake wa bao, na hupewa majaribio manne ya kuvuka mstari wa katikati. Ikivuka, hupewa manne mengine ya kufunga. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani, nao huanzia kwenye yadi 5 yao. Hakuna kupiga mpira kwa mguu hata kidogo, wala hakuna kugombea mpira ulioanguka, kwa kuwa mpira ukigusa ardhi umekufa vilevile. Wanafunzi wakishaelewa kwamba wanahesabu majaribio, nusu ya vurugu uliyoieleza itaisha.

Jaribio huanza pale mchezaji wa kati anapoupitisha mpira kwa mrushaji aliye nyuma yake. Mrushaji haruhusiwi kuuchukua mwenyewe na kuvuka mstari wa kuanzia, yaani pale mpira ulipowekwa. Ama amkabidhi mwenzake akimbie nao, ama aurushe mbele. Kurusha mbele ni mara moja tu katika kila jaribio, tena lazima awe bado nyuma ya mstari. Wote wanaweza kuupokea, hata yule wa kati aliyeutoa, na hapo ndipo watetezi wengi wanapodanganyika, maana macho yao hukimbilia pembeni wakamsahau.

Kwa upande wa ulinzi, anayetaka kumwendea mrushaji lazima aanzie umbali wa yadi 7, kama mita 6 na nusu hivi, kutoka mstari wa kuanzia. Usiichukulie kanuni hii kuwa ndogo. Umbali huo ndio unaompa mrushaji nafasi ya kuinua kichwa na kutazama, nao hushika mahali pa wale majitu wanaomkinga katika futiboli ya kukabana, kwa kuwa huku kumzuia mtu kwa mwili ni kosa. Mwekee alama ya chokaa chini, wala usimwachie akisie, kwani kila akikisia atajipunguzia hatua mbili.

Kosa ambalo vijana wa raga hulifanya sana ni kushusha mkono kukinga kitambaa, au kumsukuma mkabaji kwa kiganja. Yote mawili ni makosa. Kwepa kwa miguu na kiuno tu.

Bao, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la kufungia la wapinzani, ambalo Wamarekani huliita tachidauni, ni pointi 6. Baada yake mnachagua jaribio la nyongeza: kutoka yadi 5 kwa pointi 1, au kutoka yadi 10 kwa pointi 2. Muda ni vipindi viwili vya dakika 20.

Mama Netiboli, Mbale

Nimefundisha netiboli muda mrefu na mwaka jana nikaongeza flagi. Mwalimu, usiwaite wachezaji wa raga peke yao. Katika uzoefu wangu, wasichana wa netiboli ndio waliojifunza haraka kupokea mpira wa juu, kwa sababu wamezoea kuudaka kwa vidole, hewani, mpinzani akiwa karibu bila kuwagusa. Wale wa raga husubiri ufike kifuani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwazoesha kuendelea kukimbia baada ya kudaka, maana miguu yao husimama yenyewe.

Kuhusu vifaa, tulianza na vipande vya kitenge, kimoja kila upande wa kiuno, ncha imechomekwa tu kwenye lastiki ya kaptula. Usikubali kifungwe fundo. Siku moja mtoto alikifunga ili kisitoke, mwenzake akakivuta, na wote wawili wakaanguka kifudifudi.

Kiwanja nacho kisikutishe. Urefu wake wote ni yadi 70 pamoja na maeneo mawili ya kufungia ya yadi 10 kila moja, na upana ni yadi 25, yaani karibu mita 64 kwa 23. Ukikilaza kukata upana wa kiwanja kikubwa cha kandanda, vitatu vinaenea ubavu kwa ubavu, na darasa zima linacheza kwa wakati mmoja.

Mwalimu wa Tororo

Nawashukuru sana. Leo tumezishona kaptula na kuhesabu majaribio kwa sauti, na mchezo umekwenda. Limebaki moja: karibu na mstari wa bao, kila timu ilimkabidhi mpira kijana mwenye mbio kuliko wote, naye akapita. Je, hilo ni halali?

Refa wa Jinja

Si halali, Mwalimu. Yadi 5 za mwisho kabla ya mstari wa bao, na vilevile yadi 5 kabla ya mstari wa katikati, ni eneo lisiloruhusu kukimbia. Jaribio likianzia humo, lazima mpira urushwe mbele. Lichore kwa chokaa ya rangi nyingine ili mrushaji alione kabla hajaanza.