Nyanya zimesokoteka ghafla, naombeni jina la dawa

Miche_Elfu: Wakuu, habari za saa hizi. Nina ekari moja ya nyanya hapa Ilula, wiki ya tano tangu nihamishe miche. Jumamosi nilipulizia dawa ya wadudu, zilikuwa safi kabisa. Leo majani ya juu yamesokoteka, membamba kama uzi, vikonyo vimepinda kutazama chini. Nimelimia hela ya mkopo, silali. Jina la dawa tu.

Bi_Mchicha: Pole mwanangu. Hiyo rasta, ugonjwa wa virusi wa kukunja majani, inaletwa na inzi weupe. Tikisa mche uone wanavyoruka. Ng'oa, fukia.

Mzee_wa_Tenga: Rasta cha mtoto! Kantangaze, yule nondo wa nyanya, alipoingia nchini 2014, shamba langu lilikuwa limebeba mpaka miti inainama. Funza wake anakaa katikati ya ngozi mbili za jani. Wewe unapuliza juu, yeye yuko ndani anakula. Niliambulia matenga manne. Mke naye aliondoka msimu uleule, ingawa sisemi ni kantangaze.

Gunia_Debe: Vijana mkishapewa hela na ndugu mnalima kwa simu. Shamba linataka miguu.

Fundi_Bustani: Mkuu, imeshika mche mmoja mmoja au mstari mzima? Kingo za majani zina njano?

Miche_Elfu: Mistari sita ya mwanzo yote. Njano hakuna. Mistari ya mwisho ina nafuu.

Fundi_Bustani: Rasta haipangi foleni namna hiyo. Huanza hapa na pale, kingo njano, jani linajikunja kwenda juu kama kikombe. Hii imefuata nyayo za mpulizaji. Bomba ni lako?

Miche_Elfu: Bomba linahusianaje? Nimeshanunua dawa tatu, jioni nazichanganya.

Fundi_Bustani: Kabla yako lilipulizia nini?

Miche_Elfu: La kuazima. Lilipulizia magugu kwenye mahindi. Lakini nililisuuza kwa maji, tena mara mbili, na harufu haikuwepo!

Fundi_Bustani: Ndipo hapo. Dalili hizo ni za 2,4-D, dawa ya kuua magugu. Inaua majani mapana, inaacha mahindi, na nyanya ni jani pana, haijui kama wewe umeipanda kwa mkopo. Mabaki kidogo tu kwenye mpira na nozeli yanatosha. Tangi la kwanza ndilo lililobeba mengi, tazama mistari yako. Hakuna dawa ya kuirudisha. Hizo tatu ziache, mwagilia, subiri kama wiki mbili. Kikitoka kichipukizi chenye jani la kawaida, mche huo una maisha.

Mzee_wa_Tenga: Mimi bado nasema angalia kantangaze.

Jicho_Kavu: Mnapigwa kamba. Ekari moja kwa sentimita 60 kwa 60 ni miche elfu kumi na moja. Mistari sita ya mwanzo, ya mwisho nafuu, yote umeikagua asubuhi moja? Huyu ni muuza dawa, kesho atawaletea namba ya simu.

Bi_Mchicha: Na picha hajaweka.

Miche_Elfu: Siuzi dawa jamani. Sawa, ni robo ekari. Niliandika ekari kwa sababu aliyenikopesha alitoa hela ya ekari, ni shemeji yangu, bomba ni lake, na yumo humu.

Gunia_Debe: Robo?

Jicho_Kavu: 😂😂😂 Nimefuta kauli.

Miche_Elfu: Shikamoo shemeji.

Gunia_Debe: Hela tutaongea nyumbani. Bomba langu liko wapi?

Miche_Elfu: Jirani ameliazima asubuhi. Anapulizia mchicha.